Mara Saba kwa Ajili ya Mbwa

Niseme mapema, ili anayetaka kunicheka acheke amalize: mimi, mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu, fundi cherehani mwenye wateja wake, niliwahi kumwonea wivu mbwa. Tena si mbwa wa maana. Mbwa wa kilo moja na nusu, anayeingia kwenye beseni la kunawia na bado akabaki na nafasi ya kugeuka. Nilimwonea wivu wa kunikosesha raha ya kula, wivu wa kufuatilia nani kapewa nini na saa ngapi, na mwezi wa Ramadhani wivu huo nusura umuue.

Aliletwa na mdogo wangu. Mdogo wangu ni kitindamimba, anafanya kazi ofisini Dar es Salaam, na tangu azaliwe hajawahi kumwomba mama kitu akanyimwa. Safari hiyo alikuwa anakwenda kusoma nje kwa miezi sita na mbwa wake hakuwa na wa kumwachia. Basi akakodi gari, akampakata mpaka Morogoro. Walisimama Mikese kwa sababu mnyama alikuwa anatapika, na mimi huku napigiwa simu kila baada ya muda, utadhani analetwa mgonjwa wa kupasuliwa. Waliposhuka nyumbani kwetu Kilakala nilichungulia kikapuni, nikaona macho mawili makubwa na masikio. Basi, hakuna kingine.

"Huyu ndiye mbwa?" nikauliza.

"Dada, usiseme hivyo, anasikia."

Nilivuta kigoda nikakaa, kwa sababu nilijua kinachofuata na nilitaka kukifaidi. Mama yetu ni Mluguru wa milimani, anasali vipindi vyote vitano, na katika nyumba yake mbwa hajawahi kukanyaga hata kizingiti. Tumewahi kufuga mbwa wa kulinda, ndiyo. Walikaa nje, wakala mara moja kwa siku, jioni, ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, na wakaishi miaka mingi bila mtu kuwauliza hali. Nilisubiri kwa hamu kuona kitindamimba akiambiwa hapana kwa mara ya kwanza.

Na kweli mama alisema hapana. "Mbwa ndani ya nyumba ninayosalia? Hapana, mwanangu. Mtafutie pengine."

Mdogo wangu hakubisha. Alimfunga mbwa kwenye khanga kavu, akamweka kwenye mapaja ya mama kama mtu anayeweka mzigo apumzike mikono. Mama alikuwa nesi. Miaka yote ya kazi yake aliimalizia kliniki ya mama na mtoto, akipima uzito wa watoto wa watu. Sasa ukimpa mtu wa namna ile kiumbe kidogo kinachotetemeka, vidole vyake vinaanza kazi kabla yeye hajaamua. Nilivitazama vikipanda juu ya kichwa cha yule mbwa, vikasimama katikati.

"Utosi wake haujafunga," mama akasema.

"Ndivyo walivyo, mama. Wengine haufungi maisha yao yote. Akigonga kichwa hapo, ndiyo basi."

"Maskini ya Mungu," mama akasema, na mimi nikainua kigoda changu nikarudi kwenye cherehani. Nilijua nimeshashindwa.

Jina la mbwa sitalitaja. Hata wakati ule sikulitamka. Mimi nilimwita "yule". Yule kalala wapi, yule kanikojolea vitambaa. Mdogo wangu aliacha karatasi mbili za maelekezo, akazibandika kwenye mlango wa friji, na jamani, ukizisoma unaweza kudhani tumeachiwa yai. Asifungwe mkanda shingoni kwa sababu koo lake ni laini linaweza kubonyea. Avae mkanda wa kifuani. Asiruke kutoka kwenye kochi, magoti yake huchomoka. Asipewe mifupa ya kuku, wala vitunguu, wala chokoleti. Asikae juani wala kwenye baridi. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, mistari miwili chini yake: ale kidogo kidogo mara nne kwa siku, asikae na njaa hata siku moja, kwa sababu mwili wake hauna akiba na sukari ikishuka anaweza kufa.

Niliusoma huo wino mwekundu. Naomba ikumbukwe kwamba niliusoma.

Mama ndiye aliyenishangaza. Nilitegemea atamvumilia, hamadi, akamfungulia kadi! Kweli kabisa. Alichukua karatasi ngumu, akachora ile mistari ya kliniki, na kila Jumatatu akawa anamning'iniza yule mbwa kwenye mzani wa kamba ndani ya mfuko wa kitambaa, anaweka nukta, anaunganisha. Gramu ishirini zikipanda anafurahi mchana kutwa. Mimi kadi yangu ya kliniki ilipotea tulipohama nyumba ya kwanza, niliwahi kuiulizia nikiwa msichana, mama akasema, "Itakuwa imechanganyika na magazeti." Ya mdogo wangu ipo mpaka leo, kwenye bahasha. Sasa na ya mbwa ipo.

Meno alimpigia mswaki kwa mswaki wa mtoto, maana ya utoto yalikataa kung'oka na ya ukubwani yakaota nyuma yake, safu mbili katika kinywa kisichoingia kidole gumba. Alimwita daktari wa mifugo, kijana mmoja mpole ambaye shughuli zake hasa ni ng'ombe na kuku. Alipomwona mgonjwa alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akavaa miwani akamkagua kwa makini sana. Akasema meno yang'olewe, lakini si sasa, kwa sababu dawa ya usingizi kwa mwili mdogo namna ile ni hatari. Unaweza kumlaza asiamke. Mama alitikisa kichwa taratibu, akasema tusubiri, hakuna haraka.

Na kutembezwa? Asubuhi mama alitoka naye na mwavuli. Si mvua, wala si jua. Mwewe! Pale kwetu mwewe hushuka kutoka upande wa mlimani wakabeba vifaranga, na mama aliona kwa macho yake mwewe mmoja akizunguka juu ya yule mbwa. Basi ikawa yule anatembea chini ya mwavuli na mkanda wake wa kifuani, mama nyuma yake, polepole, mwanamke wa miaka sabini na nne. Jirani yetu, Mchaga mmoja asiyejua kunyamaza, alikuwa anatoka kibarazani kwake makusudi.

"Bibi! Huyo ni mbwa au panya buku?"

"Mgeni wetu," mama anajibu, hata hakasiriki.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni maji.

Dini yetu sisi inasema mate ya mbwa yakikugusa, unaosha mahali hapo mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama hakulegeza hata kidogo. Kikavu kwa kikavu, alisema, hakuna neno. Lakini kikilowa ni saba. Kwa hiyo kando ya bomba la nje aliweka bakuli la udongo mwekundu, safi, aliouchekecha mwenyewe, na kopo la plastiki la kumiminia. Kila baada ya kumpigia yule mswaki, kila akilambwa, mama anainama pale na mgongo wake mbovu anahesabu. Moja kwa udongo. Mbili. Tatu. Mpaka saba. Kisha anachukua udhu, anaingia kusali. Siku ya kuhara kwa yule alifanya hivyo mara tano mchana mmoja. Nilisimama dirishani nikamtazama, na maneno yakanijia kichwani wazi kabisa: mimi mama hajawahi kunifanyia kitu mara saba.

Lazima nieleze. Nilikuwa nimerudi nyumbani miaka miwili kabla, baada ya kupewa talaka. Nilifika na begi moja na cherehani, mama akafungua mlango, akanitazama, akasema, "Chumba chako kipo." Akaenda kuongeza mchele kwenye sufuria. Hakuniuliza kitu usiku ule wala wiki ile wala mpaka leo. Labda aliona kuniuliza ni kunitonesha. Sijui. Mimi nilitaka aniulize. Nilitaka anikalishe anishike kichwa, aseme maskini ya Mungu.

Utotoni ilikuwa vilevile. Mama alikuwa mama wa kliniki. Anarudi jioni amechoka na watoto wa wenzie. Siku pekee nilizompata ni siku za kukohoa. Kulikuwa na chupa ya asali ya milimani, mjomba huileta kutoka Kinole mpaka leo, na mama huificha kabatini kwake kwa ajili ya wagonjwa tu. Ukikohoa, anakukalisha kitandani kwake, anachovya kidole, anakupaka mdomoni. Loh, nilivyojifunza kukohoa! Mdogo wangu alipozaliwa, yeye akawa anakohoa kweli, kifua chake kibovu, na mimi nikaambiwa nimeshakuwa mkubwa.

Ndiyo maana siku ya khanga sikujizuia. Ilifika Julai, baridi ya Uluguru ikashuka mpaka mjini, yule akawa anatetemeka asubuhi yote. Mama aliniletea khanga akaniambia nimshonee koti la pamba ndani. Kuitazama ile khanga, niliitambua. Ilikuwa ya zamani, nyekundu na nyeusi, ya enzi za ujana wake, imekaa sandukuni na karafuu. Nilikuwa nimemwomba ile khanga nilipoolewa, akasema anaitunza.

"Hii?" nikasema. "Hii, mama?"

"Ni laini. Haitamchubua."

"Mimi si ulininyima hii?"

Mama alinitazama kama vile nimesema Kigiriki. "Wewe una khanga nyingi, mama," akaniambia, kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionichoma zaidi. Nilishona. Nilikata ile khanga kwa mkasi wangu mkali, nikashona koti la ukubwa wa soksi, nikaweka na vifungo. Lilimkaa vizuri mno. Hilo nalo lilinikera.

Miezi sita ya mdogo wangu ikaongezwa, kozi imerefushwa, na Ramadhani ikatukuta bado tunaye. Nyumba ya wafungaji mchana haina moshi. Jiko linapoa baada ya daku na haliwashwi mpaka jioni. Mama alipanga utaratibu wake. Alfajiri, tukishakula daku, anachemsha wali na maini ya kuku bila chumvi, anamlisha yule mlo wa kwanza, halafu anaugawa mlo uliobaki kwenye vikopo vitatu vyenye vifuniko, anaviweka kwenye friji. Saa nne, saa saba, saa kumi. Kila saa ikifika anapasha kidogo, anamlisha kwa kijiko cha chai, anaosha mara saba. Na saumu kinywani. Mimi harufu ya yale maini ikipita chumba cha kushonea naona kizunguzungu.

Siku yenyewe mama alikwenda Gairo, kwenye msiba wa mume wa nesi mwenzie. Aliondoka mapema na gari la waombolezaji, atarudi kabla ya futari. Mlangoni, viatu mguuni, alinishika mkono wangu, jambo asilolifanya mara kwa mara, na nikafurahi kijinga kwa nusu dakika.

"Nakuachia," akasema. "Vikopo viko kwenye friji. Saa nne, saa saba, saa kumi. Usisahau, mama."

"Sisahau."

Hakuna neno la wewe je, kazi yako, saumu yako inaendaje. Nilikaa kwenye cherehani na sare za wanafunzi ishirini za kumalizia, nikakanyaga pedali kama namuua nyoka.

Saa nne yule alikuja mwenyewe. Saa alikuwa anaijua vizuri kuliko mimi. Alisimama mlangoni, mguu mmoja wa nyuma kaukunja kama afanyavyo goti likimchezea, akanitazama. Akaenda mpaka kwenye friji, akarudi, akanitazama tena.

"Leo na wewe funga," nikamwambia. "Funga uone."

Nilicheka peke yangu. Nilijiambia nitampa baadaye kidogo, nimalize kola hizi. Nilijiambia mbwa wetu wote walikula jioni na hawakufa. Saa saba alikuja akakaa juu ya mguu wangu, ule wa pedali. Alikuwa mwepesi hata usingejua ni kiumbe. Nilimsogeza kwa kisigino, si kwa nguvu, lakini nilimsogeza. Kazi ya kupasha maini, kunusa maini, kushikwa na ulimi wa mbwa, halafu kwenda kuinama bombani na udongo: kwa nini mimi? Akija mwenyewe mama atamlisha vikopo vyote vitatu, yeye si anapenda. Hapo sitajitetea. Sikusahau. Kila nilipoukumbuka ule wino mwekundu nilikanyaga pedali.

Saa kumi hakuja. Nikashukuru.

Ilipogonga saa kumi na moja na kitu niliingia jikoni kuanza magimbi na uji wa futari, nikamwona. Alikuwa nyuma ya mtungi, upande wa baridi, amelala ubavu. Nilipomwita, kwa mara ya kwanza nikimwita kwa jina lake, alijaribu kuinuka, miguu ikaenda kila mmoja upande wake, akaanguka. Kichwa kikaanza kutikisika chenyewe. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakitazama kitu. Nikamshika: baridi, sikio baridi, tumbo baridi, na Morogoro ilikuwa inaungua kwa joto.

Nilipiga simu kwa daktari. Alikuwa nje ya mji, kwenye ng'ombe anayezaa, namsikia akihema.

"Mara ya mwisho amekula saa ngapi, dada?"

"Saa saba," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sikulipanga.

"Una asali? Au sukari? Mpake kwenye fizi, kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie, itampalia. Mfunike apate joto. Endelea mpaka aweze kumeza, halafu mpe chakula. Nitakupigia."

Sukari ilikuwa mezani, karibu yangu. Sijui kwa nini sikuichukua. Niliingia chumbani kwa mama, nikafungua kabati lake, nikatoa chupa ya Kinole. Nikakaa chini sakafuni, nikavua khanga yangu mwenyewe mabegani nikamviringisha, nikachovya kidole nikakiingiza kwenye kile kinywa nilichokikwepa karibu mwaka mzima. Yale meno ya safu mbili yalinikwaruza. Fizi zilikuwa nyeupe, kavu. Nilipaka, nikasubiri, nikapaka. "Meza," namwambia. "Meza basi, jamani. Usinifanyie hivi. Atasemaje mama? Meza." Nilikuwa nalia na saumu yangu, makamasi yananitiririka.

Ulimi ulisogea. Kidogo. Halafu ukanizunguka kidole na kulamba, na macho yakaanza kutafuta mtu. Yaliniona mimi. Wallahi, yule mbwa alitikisa mkia.

Mama alifungua mlango tukiwa hivyo.

Hakupiga kelele. Alivua viatu, akapiga magoti palepale na nguo zake za msibani, akainua mdomo wa mbwa akabonyeza fizi kwa kidole, akahesabu kimoyomoyo mpaka rangi iliporudi. Akamshika masikio, tumbo. "Anarudi," akasema. "Ana nini?"

"Ameanguka. Daktari kasema nimpake asali."

Aliitazama chupa yake ya asali sakafuni, akanitazama mimi, akainuka kwenda kuchukua chakula. Alifungua friji. Nilimwona mgongo tu. Alikaa pale mlango wa friji ukiwa wazi, muda mrefu kidogo, halafu akatoa kikopo kimoja, akakipasha, akaja akamlisha yule kijiko baada ya kijiko.

Simu yangu ikaita, ni daktari. Mama aliiweka kwa sauti kubwa ili aendelee kulisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ameamka, anakula."

"Alhamdulillahi. Lakini mama, mimi sijafurahi. Dada kaniambia alikula saa saba. Kama alikula saa saba na sukari ikashuka namna hii, basi si njaa. Hawa wadogo wengine huzaliwa na hitilafu ya ini. Itabidi kesho tumpeleke Dar es Salaam wakampige picha na vipimo, na huko lazima wamlaze kwa dawa ya usingizi. Ile niliyokwambia. Sipendi, lakini sioni njia nyingine."

Mama aliacha kijiko hewani. "Anaweza asiamke," akasema.

"Anaweza, mama. Siwezi kukudanganya."

"Haya, mwanangu. Nikishafuturu nitakupigia."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Kama nikisema, basi nimekwisha. Mwanamke aliyerudishwa na mume, sasa na mama yake atajua ni mtu wa namna gani. Na nisiposema, kesho watamdunga sindano kwa ugonjwa asiokuwa nao. Adhana ya magharibi ikaanza. Mama alimlaza yule kwenye kikapu, akatoka, akaosha mikono yake yote mara saba, akafungua kwa funda la maji, akaniita kutoka nje.

"Njoo unawe. Huwezi kushika tende na mikono hiyo."

Nilikwenda nikainama bombani. Nilitaka kuchukua kopo, akalikatalia. Akachota udongo kwa mkono wake, akanipaka, viganja, katikati ya vidole, mpaka kwenye kifundo, na mikono yake ilikuwa na joto, mikavu, migumu kuliko nilivyokumbuka. Akamimina.

"Moja."

Maji mekundu yakaenda kwenye mfereji. Akamimina tena, akinisugua kwa mkono wa pili.

"Mbili. Tatu."

Nilikuwa naitazama mikono yetu. Sikumbuki lini mara ya mwisho alinishika muda mrefu hivyo. Ningeweza kukaa kimya nikazipata zote saba.

"Nne."

"Mama, sikumlisha," nikasema. "Sikusahau. Nilimwona akija nikamkatalia. Ini lake zima. Usimpeleke."

Kopo lilisimama. Nilisubiri kila kitu. Kwa jirani vijiko viligonga vyombo, redio inasoma dua.

"Vikopo vitatu nimeviona," mama akasema. "Nilikuwa nakusubiri."

Kisha akainamisha kopo. "Tano."

Akamalizia sita, akamalizia saba. Alinikausha kwa ncha ya khanga yake, kidole kimoja kimoja, hakuruka hata kimoja, akanipa simu.

"Mpigie mwenyewe."

Nilimpigia nikiwa nimesimama palepale bombani. Daktari alipokea, nikamwambia nilimdanganya. Akauliza kwa sauti ya kazi tu, bila kunigombeza, "Sasa sema kweli, dada. Mara ya mwisho amekula saa ngapi?"

"Alfajiri," nikasema. "Wakati wa daku."

Akashusha pumzi, akasema basi safari hakuna, tumlishe kila baada ya saa mbili, yeye atapita asubuhi. Nilikata simu. Nilipogeuka mama alikuwa ameketi kibarazani, sahani ya tende mapajani, chupa ya asali kando yake. Hakuwa amekula kitu kingine zaidi ya lile funda la maji.

"Kaa hapa," akasema, akachovya tende kwenye asali akaninyooshea. "Na wewe hujala tangu alfajiri."